Uchambuzi wa kisa: mwigizaji wa tamthilia, mchezo wake wa jukwaani na mikataba mitatu

Kuhusu kisa hiki

Mhusika wa kisa hiki ni mwigizaji wa Dar es Salaam. Watu wanamfahamu kwa sura ya runingani kuliko kwa maandishi yake. Nitamwita Bi. M. Ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba majina, miaka, viwango vya malipo na kampuni zilizohusika viondolewe, na mchezo wake usitambulike. Kwa hiyo hadithi ya mchezo inayosimuliwa hapa nimeibadilisha kwa ridhaa yake. Umbo lake, idadi ya wahusika na matatizo yaliyojitokeza nimeviacha kama vilivyokuwa.

Nawaandikia waigizaji wanaoandika, hasa wanawake. Nimeona wengi wakiuza maandishi yao pamoja na sura zao kwa bei moja, na inaniuma kila ninapoona.

Usuli

Bi. M hakusomea chuo cha sanaa cha Bagamoyo wala hakupita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliingia kwenye maigizo kupitia kikundi cha mtaani, kimoja kati ya vile vilivyochipuka baada ya vituo binafsi vya runinga kuanza Tanzania Bara katikati ya miaka ya 1990. Kikundi kilikutana uwanjani jioni. Kiongozi alisimulia kisa, akagawa nafasi, na waigizaji wakatunga mazungumzo wakiwa wamesimama, wakirudia mpaka maneno yakae. Mswada ulikuwa kichwani mwa kiongozi. Bi. M alikaa kwenye utaratibu huo kwa miaka kadhaa, na nitaurudia baadaye kwa sababu ndiko uandishi wake ulikoanzia ingawa hakuwa akishika kalamu.

Zikaja filamu za DVD. Filamu ilishutiwa kwa wiki moja au mbili, ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, kisha mtayarishaji akapeleka masta Kariakoo kwa msambazaji aliyeinunua moja kwa moja. Mwigizaji alilipwa mara moja tu. Filamu ikirudiwa kwenye mabasi ya mikoani au kwenye vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mitaani, yeye hakuwa na cha kudai. Soko hilo lilipodhoofika kwa uharamia na DVD za bei ya kutupa, kazi ikahamia kwenye tamthilia za ving'amuzi, na Bi. M akahama nayo. Jina lake likakua. Lakini alipopita miaka thelathini na mitano nafasi zilianza kufanana: mama mkwe mkorofi, mke wa kwanza aliyeachwa, mama wa mgonjwa. Sini tatu, nne, mtu anarudi nyumbani.

Kuna jambo la historia linalosaidia kuelewa uamuzi wake uliofuata. Wanawake walioweka msingi wa tamthilia andishi za Kiswahili nchini walikuwa walimu wa chuo kikuu. Penina Muhando alitoa Hatia mwaka 1972 na Nguzo Mama mwaka 1982. Amandina Lihamba alitoa Hawala ya Fedha mwaka 1980, na ameigiza pia kwenye filamu, ikiwemo Maangamizi ya mwaka 2001. Hao walikuwa na mshahara uliowawezesha kuandika mchezo usiolipa. Mwigizaji wa soko hana mshahara huo. Akiandika, mswada ndio mtaji wake wote, na akiupoteza amepoteza kazi ya miaka.

Kutoka sini arobaini hadi chumba kimoja

Kwanza aliandika michezo mifupi ya uhamasishaji kwa mashirika: afya ya uzazi, ndoa za utotoni. Ilimpa nidhamu ya tarehe za kukabidhi kazi, na fedha kidogo. Sina zaidi la kusema kuhusu kipindi hicho.

Mchezo wake mwenyewe ulimhusu mjane aliye edani, yaani katika kipindi cha kungoja ambacho Uislamu unamwekea mwanamke aliyefiwa na mumewe. Mume amefariki, na wenzake chumbani ni mama mkwe na wifi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sini zaidi ya arobaini: gari barabarani, hospitali, simu inaita, makaburini, benki, kurudi nyumbani. Ilikuwa tamthilia ya runinga iliyoandikwa majina ya wahusika pembeni. Siku ya kuisoma kwa sauti mbele ya watu wa jukwaa, msaidizi aliyekuwa akisoma maelekezo alitamka "giza" mara nyingi kuliko mhusika yeyote alivyozungumza. Mzee mmoja wa jukwaa akamuuliza swali moja: taa zikizimwa kila baada ya dakika mbili, hasira ya huyu mjane inapata wapi muda wa kupanda?

Alichofanya baada ya hapo, kwa maoni yangu, ndicho kitu bora zaidi katika kisa hiki chote. Badala ya kupunguza sini moja moja, alirudi kwenye jambo lenyewe analoliandika. Mjane aliye edani hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura. Kumbe sheria ya dini ilikuwa imeshamjengea seti: nyumba moja, mlango mmoja, kipindi chenye mwanzo na mwisho unaojulikana na kila mtu ukumbini. Shemeji anayetaka mali si maharimu wake, yaani si ndugu ambaye dini inamkataza kumuoa daima, hivyo haingii chumbani. Bi. M akamwacha nje ya pazia. Mchezo mzima hadhira inamsikia akiongea kutoka barazani, haimwoni. Gharama ya mwigizaji wa nne ikageuka sauti nyuma ya kitambaa, na sauti hiyo ilitisha kuliko sura ambayo ingeonekana.

Kisha akapata fundo. Mjane huenda ana mimba. Wanaojua mirathi ya Kiislamu wanaelewa papo hapo kwa nini familia inakosa usingizi. Bila mtoto, mjane anapata robo na ndugu wa marehemu wana chao. Akizaliwa mtoto, mjane anashuka hadi thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na mtoto akiwa wa kiume ndugu hawapati kitu. Na mwenye mimba eda yake inaisha kwa kujifungua. Kalenda iliyotundikwa ukutani, ambayo katika rasimu ya kwanza ilikuwa pambo, sasa ikawa silaha. Wifi anahesabu siku. Mama mkwe anaangalia sahani ya mkwewe imebaki na nini.

Mazungumzo aliyaandika kwa namna aliyolelewa nayo uwanjani: anasimama, anasema maneno ya mhusika mmoja, anahamia upande wa pili, anajibu, simu ikirekodi. Baadaye anaandika na kukata. Ndiyo maana watu wake wanakatizana kama watu wa kweli. Lakini kamera ilikuwa imemzoesha kumaliza jambo kwa jicho. Kwenye rasimu aliandika "anamtazama" mahali ambapo ukumbi ulihitaji neno, kwa sababu mtu wa safu ya kumi haoni kope. Sehemu hizo zote ilibidi zipatiwe maneno au tendo la mwili mzima: kukunja kanga, kuhamisha mkeka, kukataa kikombe cha uji.

Mazoezini waigizaji wenzake wawili waliongeza mistari papo kwa papo, na mingine ilikuwa mizuri hadi ikaingia kwenye mswada. Hakuna aliyeandika popote kwamba mstari huu ni wa nani. Weka hilo akilini.

Onyesho la kwanza

Wengi hushangaa kusikia kwamba jukwaa na filamu vinasimamiwa na sheria moja, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Mswada ulipelekwa Bodi ya Filamu mapema, na kibali kikatoka bila usumbufu. Aliusajili pia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Hakimiliki ya Tanzania haitegemei usajili, kazi inalindwa tangu inapotungwa, lakini cheti chenye tarehe kilikuja kumfaa mno mezani.

Maonyesho yalikuwa matatu, kwenye ukumbi mdogo wa kituo cha utamaduni jijini. Yeye mwenyewe alikuwa mjane. Usiku wa kwanza waliokuja wengi walikuja kumwona yule wa tamthilia. Usiku wa tatu walikuja wajane. Kiingilio kililipa ukumbi, mafundi na nauli za waigizaji, na mwandishi hakubakiwa na kitu.

Karatasi moja, bei moja

Miongoni mwa waliokuja usiku wa tatu alikuwa mtayarishaji wa tamthilia. Baada ya muda mfupi akatuma mkataba. Alitaka mchezo uwe tamthilia ya runinga ya msimu mzima, na Bi. M aigize mjane. Malipo yaliyotajwa yalikuwa makubwa kuliko alivyowahi kuona kwenye karatasi yenye jina lake.

Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Ndani yake mambo matatu yalikuwa yamefungwa kwenye furushi moja. Kwanza, anauza haki zote za mchezo, kwa namna zote, duniani kote, bila kikomo cha muda. Pili, anaigiza kwa msimu mzima na haruhusiwi kufanya onyesho lolote kwingine. Tatu, anashiriki kuandika vipindi atakavyohitajika. Bei ilikuwa moja, bila kusema sehemu ipi inalipia nini.

Aliponiletea, nilimwomba afanye jambo moja kabla ya kusema ndiyo au hapana: aulize ni kiasi gani kati ya fedha hizo kinalipia uigizaji, kwa kiwango anacholipwa kawaida kwa siku ya kushuti. Alipopiga hesabu, uigizaji peke yake ulimeza karibu fedha zote. Maana yake mchezo alikuwa anautoa kama bakshishi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatofautisha mambo hayo. Mwandishi ana hakimiliki kwenye mchezo. Mwigizaji ana hakishiriki kwenye uigizaji wake. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili, na bado ni haki mbili zenye bei mbili. Aidha, haki ya mwandishi inagawanyika: kuonesha jukwaani, kuchapa, kutafsiri, kurekebisha kwa runinga. Kila kipande kinaweza kutolewa peke yake.

Alikuwa na njia tatu. Kusaini, apate fedha ambazo zingelipa ada za watoto na kodi ya nyumba. Kukataa, na wote wawili tulijua kwamba mtayarishaji angeweza kutengeneza tamthilia nyingine kuhusu mjane na mirathi bila kumgusa, maana wazo la jumla halina mwenyewe. Au kuligawanya furushi. Alichagua kugawanya, na sababu aliyonipa haikuwa ya kisheria. Alisema filamu zote alizocheza hajui ziko wapi, na hataki mchezo huu nao uende huko.

Walichokubaliana

Mazungumzo yalichukua wiki kadhaa na mara mbili yalikaribia kuvunjika. Wakili aliyemsaidia alizoea kesi za ardhi, hakuwa wa sanaa. Alitosha, kwa sababu alichohitaji ni mtu wa kuuliza "neno hili linaishia wapi?" kila lilipotokea neno "zote".

Mwisho zikatoka karatasi tatu. Ya kwanza ni leseni ya kurekebisha mchezo kwa runinga pekee, kwa miaka michache iliyotajwa. Haki za jukwaa, kitabu na tafsiri zikabaki kwake. Ya pili ni ya uigizaji, na katazo la kufanya kazi kwingine likapunguzwa: asionekane kwenye tamthilia nyingine ya runinga, jukwaa ni ruksa siku zisizo za kushuti. Ya tatu ni ya uandishi wa vipindi vya mwanzo, inayolipwa kwa kila kipindi.

Alichotoa ni kikubwa pia. Malipo ya jumla yalishuka. Aliacha kura ya mwisho juu ya mwelekeo wa hadithi baada ya vipindi vyake. Na akakubali tamthilia itumie jina lilelile la mchezo. Hilo la jina lilipita kwa dakika chache mwishoni, watu wamechoka, chai imepoa. Mtayarishaji aliliomba kama heshima kwa mchezo, na likapokelewa hivyo.

Yaliyotokea

Vipindi vya mwanzo vilipendwa. Bi. M alisimamishwa sokoni na wanawake waliomwita kwa jina la mhusika wakimpa pole ya msiba. Lakini runinga inahitaji sura na lokesheni. Hadithi ilipotoka mikononi mwake, shemeji akatolewa nyuma ya pazia, akaingia chumbani, akagombana na mjane ana kwa ana. Watazamaji wa Pwani waliandika kwa hasira: mjane gani huyu anakaa na shemeji edani? Kisha akaongezwa mganga, akaongezwa mchumba wa zamani. Mimba, ambayo jukwaani ilikuwa na kikomo cha kalenda, ikasogezwa mbele kipindi baada ya kipindi.

Maonyesho ya jukwaani yaliporudi, ukumbi ulijaa haraka, na hapo ndipo uchungu wa jina ulipojitokeza. Watu walikuja kumwona mganga. Usiku mmoja baadhi waliondoka kabla ya mwisho, wengine wakamwambia mlangoni kwamba ameukata mchezo. Mwandishi akalaumiwa kwa kutofanana na nakala yake.

Ratiba nayo iligongana. Kwenye mkataba siku zisizo za kushuti zilikuwa zake, lakini mkataba haukusema zitangazwe lini. Simu ilikuja usiku: kesho saa kumi na mbili asubuhi, seti. Maonyesho mawili yaliahirishwa baada ya tiketi kuuzwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa amejifunza nafasi yake.

Na wale waigizaji wawili wa mazoezini? Mmoja alisikia mistari yake ikisemwa runingani na mtu mwingine. Alikuja, si kwa vita, lakini alikuja. Bi. M aliketi naye, wakapitia rekodi za mazoezi, na akakubali kuwapa wote wawili fungu la mapato ya leseni na kuwataja ndani ya mswada kama walioshiriki kuutunga. Fungu hilo lilitoka kwenye fedha zilizokwishapungua. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Jambo zuri kuliko yote lilitoka Mombasa. Kikundi cha huko kiliandika barua kuomba kuucheza. Kama angesaini karatasi ya kwanza, barua hiyo angeipeleka kwa mtayarishaji. Badala yake alitoa leseni ya maonyesho machache kwa ada ndogo, akaruhusu lugha igeuzwe iwe ya Kimvita. Kilichonifurahisha ni badiliko ambalo hakulitarajia. Katika mchezo, shemeji anatishia kwenda Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa Tanzania Bara mirathi ya Kiislamu husikilizwa na mahakama za kawaida. Kenya ina Mahakama ya Kadhi kwa mambo hayo. Kubadilisha jina la mahakama kulibadilisha tishio: mbele ya kadhi, shemeji anajua ataulizwa kwanza kuhusu mimba. Sini ya tatu ikaandikwa upya, na Bi. M akaichukua ikawa sehemu ya mswada wake, safari hii kwa makubaliano ya maandishi na aliyeipendekeza.

Uchambuzi

Kugawanya mkataba ndiko kulikookoa kazi hii. Mombasa, kitabu kinachoandaliwa, maonyesho yaliyorudi, vyote vimetoka kwenye haki zilizobaki. Naona pia kwamba kugawanya kuliwezekana kwa sababu aliulizia bei ya uigizaji peke yake kwanza. Kabla ya hesabu ile, hoja ya hakimiliki ilikuwa maneno ya kitabuni kwake na kwa mtayarishaji. Baada ya hesabu, mtayarishaji mwenyewe hakuweza kusema mchezo analipia kiasi gani.

Kosa la jina lingezuilika kwa sentensi moja. Jina la mchezo peke yake ni kitu dhaifu kukilinda kwa hakimiliki, hivyo mahali pa kulilinda ni mkatabani: tamthilia iwe na jina lake, na mwanzoni iandikwe kwamba imetokana na mchezo fulani wa fulani. Hilo lingempa sifa ya mwandishi na lingewaambia watazamaji kwamba kuna vitu viwili. Najua wanaosema jina moja ndilo lililojaza ukumbi. Ni kweli lilijaza, kwa msimu mmoja, na kwa watu waliokuja kutafuta kitu kingine.

Kuhusu uhuru wa hadithi, sidhani alipaswa kushikilia kura ya mwisho. Runinga ya kila wiki haiendeshwi hivyo, na angepoteza leseni yote. Ambacho angeweza kuomba ni mambo mawili au matatu yasiyoguswa. Shemeji haingii chumbani, basi. Hilo lilikuwa ndilo umbo la mchezo, na mtayarishaji angeona faida yake kabla barua za hasira hazijaanza.

Ratiba ilihitaji muda wa taarifa ulioandikwa, na mwigizaji wa akiba. Hapa tatizo linaenda ndani zaidi ya mkataba. Bi. M aliandika nafasi kuu kwa ajili yake kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwandikia, na sababu hiyo naielewa kabisa. Lakini mchezo uliotegemea mwili wake ulisimama kila mwili huo ulipohitajika kwingine. Mombasa ilionesha kwamba mwanamke mwingine, mfupi kuliko yeye na mwenye sauti nzito, angeweza kumbeba mjane yule vizuri, pengine kwa namna ambayo yeye asingeweza.

Suala la mistari ya mazoezini ni la vikundi vyote vyetu, maana tumelelewa kutunga pamoja. Sitaki tuache kutunga pamoja. Dawa ni ukurasa mmoja uliosainiwa kabla ya zoezi la kwanza, unaosema mistari itakayoingia itahesabiwaje na nani atapata nini mchezo ukienda runingani au nje ya nchi. Kwa marafiki inaonekana kama kukosa imani. Kwa hawa wawili, kukosekana kwake ndiko kulikokaribia kuvunja urafiki.

Hali ilivyo sasa

Bi. M bado anaigiza runingani na anaandika mchezo wa pili, ambao safari hii hana nafasi ndani yake. Leseni ya tamthilia inaisha mwakani. Mtayarishaji ameomba msimu mwingine, na amejibiwa kwa barua kwamba mazungumzo yataanza na suala la jina, halafu pazia, halafu fedha.